Damu Iliyolala Njiani

Nikijinyoosha mchana baada ya kupalilia vitunguu saumu, bado naviona. Vinukta vya kijani vinapanda kwenye kioo cheusi cha mashine, vingine vinang'aa, vingine hafifu kama tochi ya mtu anayepita mbali upande wa pili wa bonde. Nikifumbua macho nakuta ukungu umeingia mpaka mlangoni, ng'ombe anapumua nyuma ya ukuta, na kwa muda sijui kama niko shambani kwangu au bado niko maabara nimeegemea meza. Mimi nimestaafu, lakini usingizi wangu haujastaafu.

Ninyi vijana mliosomea maabara mmekuwa mkinipigia simu. "Shikamoo Mama Paskalina, tunaomba utuambie kazi ya utafiti vijijini ikoje." Marahaba, wanangu. Kwenye simu siwezi, maana hapa kwangu mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, na magoti yangu na kile kichuguu havielewani tena. Kwa hiyo naandika. Mnisamehe nikirukaruka. Kumbukumbu zangu huja kama ukungu wenyewe, unaona mti mmoja vizuri sana, halafu huoni kitu, halafu unaona mwingine.

Nilifanya kazi ya damu maisha yangu yote, kwenye hospitali moja huku juu milimani Mbulu. Aliyenifundisha ni Sista Ludovika, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana kama vya mtu wa jembe. Alisema mshipa hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole, kwa sababu macho hudanganywa na ngozi. Alisema pia, kabla ya kuchoma, muulize mtu habari za ng'ombe wake. Mtu akianza kueleza ng'ombe wake, mkono unalegea wenyewe. Sijaona bado dawa ya kutuliza inayozidi hiyo.

Mtu wa kwanza niliyemtoa damu alikuwa mzee kutoka Getanuwas. Nilipoona damu yake inaingia kwenye tyubu, nilianguka. Yeye ndiye aliyenidaka, sindano ikiwa bado imesimama mkononi mwake.

"Sista!" akaita. "Mtoto wako amelala. Nimfanyeje?"

"Mshikilie hapohapo," Sista akajibu kutoka chumba cha pili. "Ataamka."

Niliamka. Zamani hizo tulihesabu chembe za damu kwa jicho, kichwa kimeinama kwenye hadubini, kidole gumba kikibofya kidude cha kuhesabia. Ukipiga chafya, unaanza upya. Miaka mingi baadaye ndipo ilipokuja mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga. Unazipaka seli rangi inayoshika kile tu unachokitafuta, mashine inazimulika, na kila seli inakuja kusimama kama nukta kwenye kioo. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kile kioo mpaka chai ikapoa. Nilijiona kama nimepanda kilima cha juu kabisa na kuangalia chini kwenye mji wa watu wadogo sana, kila mmoja na taa yake.

Mashine ile ililetwa na Daktari Neema.

Alikuwa mtafiti, mwanamke Mtanzania mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho akifikiri, hata katikati ya sentensi. Alikuja na swali moja. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu, watu wanakula chungu kimoja, wanalala chumba kimoja, wanavuta hewa moja. Mmoja anaambukizwa, mwingine anaishi mpaka uzee bila kikohozi. Huyu wa pili ana nini?

Alitaka kuangalia seli ziitwazo seli uaji. Mtazikuta kwenye vitabu vyenu na majina marefu, lakini yeye alitueleza hivi, mimi na dereva wetu Boay, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maabara tukimenya viazi vya kuchemsha. Alisema kuna askari wa mwili wanaosubiri kufundishwa adui ndipo wapigane. Seli uaji hazisubiri. Zinapita zikigusagusa seli nyingine, na zikikutana na iliyoharibika zinaiua. Zinajuaje? Kwenye ngozi yake kila seli uaji ina vipokezi. Kipokezi ni kama kiganja kilichokunjuliwa, kimetengenezwa kushika alama fulani tu. Vingine vikishika, seli inaambiwa ua. Vingine vikishika, inaambiwa acha.

"Sasa," akasema, akafumba macho, "seli haikai na viganja vilevile siku zote. Inasikiliza. Seli nyingine zinaachia protini za ishara kwenye damu. Kuna moja inaitwa interlukini ya kumi na tano. Hiyo ikiifikia seli uaji, vipokezi vya kuua vinaongezeka juu ya ngozi, seli inaamka. Kuna nyingine ya kutuliza. Hiyo ikiifikia, vipokezi vilevile vinapungua. Seli iko hai, inapumua, lakini adui anapita mbele yake na haimwoni."

"Hiyo ya pili ni mbaya," Boay akasema.

"Hapana. Bila hiyo, askari wangechoma nyumba wanayoilinda. Kidonda kingepona vipi kama kila mtu anapigana?"

Boay akatafuna kiazi, akasema anamfahamu mke wa mtu mwenye protini ya kwanza tu. Daktari Neema akacheka mpaka akapaliwa.

Kazi yetu basi ilikuwa hii: kuchukua damu ya watu walioishi na wagonjwa, kutenga seli nyeupe, kuziweka kwenye kabati la joto pamoja na ile protini ya kuamsha, na kesho yake kuzipaka rangi ya kijani inayoshika kipokezi kimoja cha kuua. Seli iliyoamka vizuri inang'aa. Ambayo haikuamka inabaki hafifu. Tulichukua kwa wakulima wa huku juu, kando ya hospitali, na tulichukua kwa wafugaji wa Yaeda Chini, kule bondeni.

Jambo moja mlishike. Damu ya kupima seli hai haipendi barafu wala jua. Boay safari ya kwanza alidhani damu ni kama nyama. Alisimama dukani Dongobesh, akanunua barafu kwa fedha yake mwenyewe, akaizungushia tyubu zote kwa upendo mkubwa. Tulipofungua, seli zilikuwa zimekwisha. Alisikitika kama mtu aliyefiwa. Daktari akamnunulia soda, akamwambia damu isafiri kama mtoto mchanga: isipigwe baridi, isipigwe jua.

Aliyetufungulia milango ya Yaeda Chini ni Gidamis. Kijana wa Kibarabaig, mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye pikipiki iliyofungwa kwa nyaya na mipira ya ndani ya tairi. Alikwenda boma kwa boma. Watu walimuuliza damu inapelekwa wapi, inauzwa kwa nani, itarudishwa lini. Alijibu yote bila kuchoka. Walipoendelea kusita, mama yake mzazi alikuja zahanati, akakaa kwenye kiti, akavuta shuka lake la ngozi begani na kunyoosha mkono wenye bangili za shaba.

"Chukua," aliniambia. "Mimi nikifa, wengine wakimbie."

Hakufa. Wengine wakaja.

Na hapa hadithi inaingia nyumbani kwangu. Kwenye shule ya msingi ya kule chini alikuwa anafundisha Emiliana, binti wa kaka yangu Tluway. Mimi ndiye shangazi yake. Msichana mtulivu, sauti ndogo, lakini akishasema hapana, hata ng'ombe anaelewa. Yeye na Gidamis walipendana. Sijui ilianza vipi. Mimi nilikuja kujua siku nilipoona chaki kwenye kiti cha ile pikipiki. Kaka yangu hakufurahi mwanzoni. Sisi ni Wairaqw wa milimani, watu wa kanisa na mashamba, na wale ni watu wa ng'ombe na mila zao. Lakini ndoa za namna hiyo zipo kwetu tangu zamani, na Tluway si mtu mbaya. Wazee wa pande zote walikuwa wameshaonana. Kilichobaki kilikuwa kupanga siku.

Nukta zikaanza kutuambia jambo tusilolitegemea. Seli za watu wa huku juu zilikuwa zinang'aa. Za Yaeda Chini, wiki baada ya wiki, zilikuwa hafifu. Unaziamsha kwa protini ileile, kwenye kabati lilelile, na bado kipokezi kiko chini. Nilikaa mbele ya kioo nikitazama ule ukijani dhaifu, nikahisi huzuni ambayo sikujua imetoka wapi, kama unamwita mtu unayempenda na hageuki.

Wilaya ikaitisha kikao cha miradi ya afya. Daktari Neema akaombwa aeleze amefikia wapi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma. Alisema, "Mpaka sasa seli za wakazi wa bondeni zinaonyesha kipokezi kidogo, kana kwamba zimelala. Lakini bado tunachunguza, hatujui sababu."

Sentensi ya kwanza ilitoka nje ya ukumbi. Ya pili ilibaki mezani pamoja na chupa za maji.

Kabla siku ya mnada wa ng'ombe haijafika, maneno yalikuwa yameshashuka na kupanda milima yote. Damu ya watu wa Yaeda imelala. Kwenye makundi ya simu walituma picha za watu wanaosinzia. Ndugu yangu mmoja anayeuza samaki pale ziwa Basotu alisema wateja wanamuuliza kama watu wa Yaeda wanaruhusiwa kuoga ziwani. Mtu nisiyemjua alinipigia kuniuliza ugonjwa huo unaambukiza kwa njia gani. Na kaka yangu akaja nyumbani, akakaa bila kuvua kofia.

"Paskalina. Wewe unafanya kazi palepale. Ni kweli?"

"Ni kweli vipimo viko chini. Sababu haijajulikana."

"Basi mimi simwozeshi binti yangu kwenye damu iliyolala. Wajukuu wangu watakuwaje? Kila kikohozi kitawachukua."

Emiliana alikuwa amekuja kwangu likizo, amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Akaiweka chini taratibu.

"Baba," akasema, "mimi siolewi na seli. Naolewa na Gidamis."

"Utaolewa na nitakayemkubali."

Aliichukua ndoo, akaenda kuchuja maziwa, na yule msichana aliyezoea kuimba akichuja, siku hiyo nilisikia maziwa tu.

Siku chache baadaye Gidamis alipanda mlima. Alifika maabara amekuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Alinisalimu, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini, kisha akasimama mbele ya Daktari Neema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Daktari, mama yangu ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa akienda kisimani wanamwita mama usingizi. Wale niliowaomba damu wananiambia nimeuza jina lao. Wazazi wa mwenzangu wamefunga mlango. Mimi sijaja kudai kitu. Nimekuja kuuliza. Damu ilipotoka kwa mama yangu nilikuwepo. Nilishika tyubu. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa macho. Nani aliilaza?"

Daktari Neema akafumba macho. Mvua ndogo ilikuwa inanyunya juu ya bati, ukungu umeshika madirisha. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anakwenda mahali fulani akilini.

"Paskalina," akasema hatimaye, macho bado yamefumba. "Damu ya huku juu inasafiri vipi mpaka kwetu?"

"Inavuka baraza tu, daktari. Tunaibeba mkononi."

"Na ya Yaeda?"

Boay alikuwa kwenye kizingiti. "Daktari, ile si njia. Yale ni mawe yaliyopangwa na adui. Nikifika hapa, hata meno yangu nahesabu."

Akafumbua macho. "Tumelinganisha watu," akasema polepole, "kumbe labda tumelinganisha barabara." Akamgeukia Gidamis. "Sijui bado. Lakini umeuliza swali ambalo mimi ndiye nilipaswa kuliuliza kabla sijafungua mdomo kwenye kile kikao."

Njia ya kujua ilikuwa moja. Tuchukue damu ya watu wa huku juu, tuigawe mara mbili. Nusu ibaki mezani. Nusu ishuke Yaeda Chini na kurudi, kwa gari lilelile na sanduku lilelile. Daktari Neema akasema yake itakuwa ya kwanza. Boay, anayeogopa sindano kuliko simba, akatoa yake akitazama ukutani na kusimulia ng'ombe ambaye hajawahi kuwa naye. Na mimi nikapanda nyumbani kwa kaka yangu.

"Unaamini damu ya mlimani hailali?" nikamuuliza.

"Haijalala mpaka leo."

"Basi njoo uilete."

Alikuja amevaa koti la Jumapili. Nilimtoa damu mwenyewe. Mshipa wa kaka yangu niliukuta kwa kidole bila kuangalia, ulikuwa mahali palepale ulipo wangu. Aliposikia nusu inasafiri, akakataa kuiacha iende peke yake na Boay. Akapanda mbele, akaliweka sanduku magotini, akalikumbatia kwa mikono miwili.

Nami nilikwenda, kwenye kiti cha nyuma. Asubuhi ile naikumbuka kama ndoto. Tulishuka kutoka kwenye ukungu, na ukungu ulipokatika bonde lote likatokea chini yetu kwa mpigo, jeupe, limenyooka, na huko mwisho kwenye maji ya magadi kulikuwa na ukanda wa waridi wa ndege heroe ambao sikujua kama unatembea au umesimama. Kisha mawe yakaanza. Gari liliruka, likainama, likajikwaa. Kaka yangu alikuwa ananyanyua sanduku hewani kila shimo lilipokuja, lakini mashimo yalikuwa mengi kuliko mikono yake. Tulipofika zahanati ya Yaeda tukapumzika kidogo, tukageuza. Tluway hakushuka garini. Jasho lilikuwa linamtiririka, na koti la Jumapili lilikuwa limekuwa rangi ya barabara.

Tulitenga seli, tukaziweka kwenye kabati la joto pamoja na ile protini ya kuamsha, zilizobaki na zilizosafiri. Kesho yake mchana nikazipaka rangi. Kaka yangu alikuwepo, amekataa kiti.

Nilipitisha kwanza nusu iliyobaki. Nukta zikapanda, kijani kikali, kundi zima likang'aa upande wa juu wa kioo.

"Hizi ni za nani?"

"Zako, kaka."

Akavimba kidogo kifua. Nikapitisha nusu ya pili. Nukta zikaja taratibu, zikajikusanya chini, hafifu.

"Na hizi? Za kule?"

"Zako pia."

Alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa mkono wa koti. Akaangalia tena.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimelala."

Boay alitoka nje haraka. Tulimsikia anacheka mpaka kwenye bomba la maji. Za kwake zilikuwa zimelala pia, na za daktari vilevile.

Daktari Neema alitueleza kilichotokea, na ninyi mkikumbuke, maana kitawakuta. Ndani ya damu kuna chembe sahani, vile vipande vidogo vinavyogandisha damu mtu akijikata. Ukizitikisa sana zinadhani mwili umeumia. Zinaanza kufanya kazi yake, na katika kazi hiyo zinamwaga ile protini ya kutuliza. Seli uaji zilizo jirani zinaipokea, zinapunguza kipokezi chake, na hata ukiziletea interlukini ya kuamsha baadaye, neno la kwanza limeshaingia. Hakuna ugonjwa. Hakuna ukoo dhaifu. Seli zimeambiwa tulieni, zikatulia. Zilifanya lililo sawa kwa habari zilizozipata.

Tangu hapo tulibadilisha kila kitu. Tukashusha mashine ndogo ya kuzungushia damu na kabati la joto mpaka zahanati ya Yaeda, tukavifunga kwenye umeme wa jua. Damu ikatolewa pale, chembe sahani zikaondolewa palepale kabla gari halijawashwa. Mama yake Gidamis akanyoosha mkono tena wa kwanza. Seli zake zilipopita mbele ya mwanga, ziling'aa mpaka nikaita watu waje waone. Za wenzake vilevile, sawa na zetu wa milimani, mmoja hivi mwingine vile, kama watu wote walivyo.

Daktari Neema alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Hakutuma mtu. Alisimama mbele yao akasema, "Mimi ndiye niliyesema damu yenu imelala. Nilisema kabla sijajua. Ilikuwa macho. Sisi ndio tulioitikisa." Akaenda pia kwenye ukumbi wa wilaya kusema hayohayo. Lakini nawaambia vijana, neno la kwanza lilikuwa limepanda pikipiki, na la kusahihisha lilikwenda kwa miguu. Nadhani kuna vijiji halijafika mpaka leo.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Kaka yangu naye alidhani hivyo. Akanituma: "Mwambie yule kijana aje tu, tuendelee tulipoishia." Nikashuka na ujumbe nikiwa na furaha ya mtu aliyebeba sukari.

Nilimkuta Gidamis anafunga pikipiki yake waya mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta mikono.

"Mama Paskalina, nakuheshimu. Naomba unijibu. Na kama mashine ingesema ni kweli? Kama damu yetu ingekuwa hafifu hata bila ile barabara? Mzee angenikubali?"

Niliokota kipande cha waya kilichoanguka, nikampa.

"Basi mwambie sijakasirika," akasema. "Ila siwezi kuja kwa sababu nimefaulu kipimo."

Nilimpelekea Emiliana maneno hayo shuleni. Nilitegemea machozi. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamepita juu ya meza, akatazama nje.

"Ameuliza vizuri," akasema. "Mimi namsubiri. Sasa baba ajibu."

Nikampelekea kaka yangu. Alichukua jembe, akaenda shambani. Mvua za masika zikaingia. Mahindi yakarefuka. Nilikuwa naingia maabara kila siku, napaka rangi, naangalia nukta zinavyopanda na kushuka, na nilijiuliza inakuwaje seli ndogo vile inabadilisha ngozi yake kwa neno moja, na mtu mzima anakaa majuma na majuma ameshikilia alichokishika. Wakati mwingine nilisinzia pale pale kwenye kiti, nikaona bonde jeupe, na watu wanatembea juu yake na taa za kijani, hakuna anayemfikia mwenzake.

Asubuhi moja Tluway akagonga mlango wangu amevaa mabuti ya mpira.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kule."

Njia ilikuwa imekatwa na mvua, gari halipiti. Pikipiki ilitufikisha nusu, iliyobaki tukatembea kwenye matope, kaka na dada, wazee wawili, tukishikana mikono kwenye mifereji kama tulivyokuwa tukienda shule. Hakuniambia atasema nini. Nadhani hakujua.

Kwenye boma tulimkuta mama yake Gidamis anatengeneza kibuyu cha maziwa, na Gidamis yuko pembeni anamshika ndama. Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua, matope yote yanafuka moshi. Tluway alisimama katikati ya boma, kofia mkononi, mabuti mazito kwa udongo.

"Sikuja na daktari," akasema. "Na sikuja kwa sababu ya mashine. Kijana aliuliza swali, nimelilalia na kuliamkia. Jibu ni kwamba wakati ule nisingemkubali. Leo namkubali. Hata kama seli zake zingekuwa zimelala mpaka sasa hivi, ningekuja."

Yule mama alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilinyooka.

"Kwa nini hukuja hivyo mwanzo?"

"Niliogopa, mama. Na nilikuwa mjinga."

Mama akageuza kibuyu mikononi, akakinusa, akakiweka chini. Alimtazama mwanawe. Sote tukamtazama. Gidamis alimwachia ndama, na ndama akakimbia kwa mama yake. Kijana akajipangusa mikono kwenye shuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Alikibeba mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akakikandamiza kwenye udongo mpaka kikakaa sawa, akakijaribu kwa mkono.

"Njoo ukae, baba," akasema. "Umesimama kwenye jua."